Sponsoni za boti ya umeme: geuza mchoro, anza nyuma

Kijana akiingia kwenye kibanda changu cha useremala hapa Kadutu, mjini Bukavu, na mchoro mkononi wa boti ndogo ya mbio, ile ya umeme inayoongozwa kwa redio, karibu kila mara mchoro unaanza na pua. Pua imechongoka, imepinda vizuri, na rangi yake imeshachaguliwa. Nikimuuliza ukingo wa nyuma wa sponsoni utakuwaje, ananyamaza. Basi namwambia ageuze karatasi, aanze upya kutoka nyuma kuja mbele.

Sponsoni ni vile vielea viwili vilivyo kulia na kushoto, upande wa mbele wa boti ya mbio. Boti ikishika kasi, mwili wote unainuka kutoka majini, inabaki kugusa maji sehemu tatu tu: ukingo wa sponsoni ya kulia, ukingo wa sponsoni ya kushoto, na propela nyuma. Wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo wa hapa ziwa Kivu, hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na anayeijua mitumbwi hiyo ameshaelewa faida ya kusimama juu ya sehemu tatu zilizoachana. Tofauti ni kwamba mitumbwi ya sambaza inaelea, na sponsoni ikiwa kasini haielei kabisa. Inateleza. Maji yanaisukuma juu kwa sababu yanapigwa kwa pembe, na pembe hiyo ndiyo somo letu la leo.

Umbo hili si geni. Tarehe 26 Juni 1950, boti iitwayo Slo-mo-shun IV ilikimbia kilomita 258 kwa saa kwenye ziwa Washington, mjini Seattle, ikiwa imekalia sponsoni mbili na propela iliyozama nusu tu. Mwaka 1978 Ken Warby wa Australia alifika kilomita 511 kwa saa kwenye bwawa la Blowering, na boti yake, Spirit of Australia, aliijenga mwenyewe kwa mbao na faiba nyuma ya nyumba yake Sydney. Rekodi hiyo haijavunjwa. Mimi kama seremala naiheshimu sana habari hiyo, na wanafunzi wangu huisikia kabla hawajashika msumeno.

Nitatumia boti moja kwa mifano yote: urefu sentimita 70, upana sentimita 30 kutoka nje ya sponsoni moja hadi nje ya nyingine, uzito kilo 1.6 pamoja na batri, mwendo kilomita 60 kwa saa. Kutoka ukingo wa nyuma wa sponsoni hadi propela ni sentimita 40.

Swali la kwanza: kila sponsoni inabeba kiasi gani? Tafuta mahali boti inapokaa sawa ukiinua kwa vidole viwili, batri ikiwa ndani. Ninapendelea mahali hapo pawe nyuma kidogo ya ukingo wa sponsoni, tuseme sentimita 8. Basi kutoka hapo hadi propela zinabaki sentimita 32. Zidisha uzito wote kwa 32, gawanya kwa 40: kilo 1.6 inakupa kilo 1.28 mbele. Kila sponsoni inabeba gramu 640, na propela inabeba zinazobaki. Ukisogeza batri nyuma, sponsoni zinapata nafuu lakini pua inakuwa nyepesi mno, na upepo mmoja wa ghafla unaigeuza boti kinyumenyume. Ukiisogeza mbele ya ukingo, boti inachimba maji. Ndiyo maana nasema sehemu ya batri iwe ndefu, yenye nafasi ya kusogeza sentimita tatu au nne huku na huku, kabla hujagundisha chochote.

Swali la pili: sehemu gani ya sponsoni inagusa maji? Msukumo wa maji hupanda kwa mraba wa mwendo. Kwa kilomita 60 kwa saa ni kama paskali 139,000, kwa kilomita 30 ni robo yake. Mmarekani Daniel Savitsky alichapisha mwaka 1964 hesabu za nyuso zinazoteleza juu ya maji, na mabingwa wa boti wanazitumia hadi leo. Ukiziweka kwenye sponsoni yetu, yenye uso wa upana wa sentimita 4 na mwinuko wa digrii 3, unapata kwamba boti ikiwa kasini maji yanagusa kama sentimita 3 za mwisho, na hewa ikisaidia kubeba, chini ya hapo. Sentimita tatu tu, kwenye sponsoni yenye urefu wa sentimita 26!

Mpwa wangu, anayesoma elektroniki na ndiye anayenifungia mota na waya, aliniuliza: «Mjomba, kwa nini basi tusiikate iwe ya sentimita tatu?» Swali zuri. Jibu liko kwenye mwendo mdogo. Kwa kilomita 30 boti hiyohiyo inahitaji msukumo uleule kutoka kwa maji yenye nguvu ya robo, kwa hiyo inakalia karibu sponsoni nzima. Urefu wa mbele ni wa kuondokea, na wa kupanda juu ya mawimbi. Ukiufupisha, boti haitoki majini, mota inapata moto ikisukuma mzigo uliozama, na batri inaisha kabla ya burudani kuanza.

Sasa chora. Weka mstari ulionyooka kwenye karatasi, ndio uso wa maji. Weka nukta ya ukingo wa nyuma juu ya mstari huo. Kutoka nukta hiyo kuja mbele, inua mstari wa pili kwa digrii 3. Huhitaji kipima pembe: digrii 3 ni kupanda milimita 5.2 kwa kila sentimita 10. Digrii 2 ni milimita 3.5, digrii 4 ni milimita 7. Mstari huo uende umenyooka kabisa kwa sentimita 10 hadi 12. Nasema umenyooka kwa maana ya rula na mwanga: ukiweka rula ya chuma juu ya uso wa kutelezea na kuinua kuelekea dirishani, mwanga usipite popote. Tumbo likijitokeza, hata la nusu milimita, maji yanafuata mviringo wake na kuivuta sponsoni chini badala ya kuisukuma juu. Shimo dogo katikati linageuza pembe: ukingo wa nyuma unakuwa kama ndoano. Baada ya hizo sentimita 12, hapo ndipo upinde wa mbele uanze, taratibu, hadi pua. Pua yenyewe ichore unavyopenda, ila iwe juu vya kutosha kupanda wimbi.

Pembe ya digrii 3 ni ya kuanzia. Chini ya 2 boti inakuwa na kasi kwenye maji ya kioo lakini haisamehe wimbi. Juu ya 4 inaanza kurukaruka, kwa sababu kila sponsoni ikigusa maji inatupwa juu, inashuka, inatupwa tena.

Kata ya upande kwa upande nayo ina pembe yake. Uso wa kutelezea usiwe bapa kama ubao wa meza. Ukuta wa ndani, unaotazama mwili wa kati, ushuke chini zaidi, na uso upande kuelekea nje kwa digrii 10: kwa upana wa milimita 40, upande wa nje uwe juu ya ule wa ndani kwa milimita 7. Mteremko huo unapasua wimbi badala ya kulipiga kofi, na unaifanya boti ikae imara kwenye kona. Ukiuongeza hadi digrii 15 inakuwa laini zaidi juu ya mawimbi, ila inazama kidogo na kasi inapungua. Kwa ziwa letu mimi nabaki kwenye 10.

Ukuta wa ndani uwe wima. Kati ya kuta mbili za ndani na tumbo la mwili wa kati ndimo hewa inapopita na kubanwa, na hewa hiyo inabeba sehemu ya uzito. Ukuta wa nje ukatwe kwa mshazari, kama digrii 45, kutoka ukingo wa uso wa kutelezea kwenda juu. Kwenye kona ya kulia boti inasukumwa kushoto, na sponsoni ya kushoto, iliyo nje ya kona, inabeba mzigo mkubwa kuliko hesabu yetu ya gramu 640. Ukuta wake ukiwa wima, unajikwaa kwenye maji na boti inapinduka kando. Ukiwa wa mshazari, unateleza juu yake.

Hapa nataka nisimame kwenye jambo la hewa, maana michoro mingi tunayoipata ilitengenezwa kwa watu wa pwani. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Bukavu ina uzito wa kama kilo 1, na ile ya Mombasa kama kilo 1.17. Hewa yetu basi inabeba pungufu kwa karibu asilimia 15 kwa mwendo uleule. Maji hayabadiliki, hewa ndiyo inayobadilika. Maana yake ni kwamba boti iliyochorwa kukimbia ikiwa nusu angani huko Mombasa au Florida, hapa itakaa nzito kidogo juu ya sponsoni zake. Itakuwa salama zaidi dhidi ya kupinduka, na itaburuta maji zaidi. Usikimbilie kuinua tumbo la mwili wa kati ili kupata hewa. Kwa boti ya kwanza tumbo hilo liwe sambamba na maji, milimita 15 juu ya ukingo wa sponsoni. Ukishaijua tabia ya boti, mpe digrii moja ya kupanda, na hapo tofauti utaiona.

Vifaa vyote vinapatikana mjini. Mbavu na kuta: tripleksi (plaiwudi) ya milimita 3. Ndani jaza frigoliti, ile nyeupe inayokuja na friji na televisheni mpya. Usiache sponsoni tupu. Karibu na ufuo wetu ziwa linashuka ghafla, na boti iliyojaa maji haitarudi tena. Angalia gundi: resini ya poliesta wanayotumia mafundi wa magari inayeyusha frigoliti, na supaglu vilevile. Tumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, au gundi nyeupe ya mbao kwa frigoliti kisha epoksi kwa nje.

Kwa uso wa kutelezea, tripleksi peke yake haitoshi, kwa sababu ukingo wake unachakaa na kuvimba. Tafuta mbao za saketi za kijani kutoka kwenye kompyuta mbovu. Zimetengenezwa kwa nyuzi za kioo na epoksi, unene wake kwa kawaida ni milimita 1.6, haziingizi maji na zinashika ukingo mkali. Zile za kahawia za redio za zamani ziache, zinavunjika kama biskuti. Ng'oa vipande vyote, safisha kwa msasa hadi pande zote mbili ziwe laini, kata upana wa uso wako na urefu wa sentimita 12, bandika kwa epoksi juu ya kioo cha dirisha kilicholala sawa ili ubaki umenyooka. Funga pua na mdomo kwa barakoa wakati wa kupiga msasa, na fanya kazi hiyo nje kwa msasa wa maji. Vumbi la nyuzi za kioo lisiingie kifuani.

Ukingo wa nyuma ndio wa mwisho, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Ni lazima uwe mkali, wa pembe kamili, kiasi cha kukwangua ukucha. Ukingo wa mviringo unayaacha maji yapande nyuma ya sponsoni na kuing'ang'ania. Ukingo mkali unayakata, maji yanabaki nyuma, boti inakwenda. Hali kadhalika ukingo wa chini wa ukuta wa ndani, na ule wa nje wa uso wa kutelezea. Msasa ufungwe kwenye kipande cha ubao, usishikwe kwa vidole hata mara moja, kwa kuwa kidole hula kona. Na rangi isifike hapo. Rangi nene inazungusha kila kona uliyoihangaikia, basi paka mwili na pua, uso wa kutelezea uache na epoksi yake.

Usigundishe sponsoni moja kwa moja kwenye mwili. Ifunge kwa boliti mbili, moja mbele na moja nyuma, zilizoachana sentimita 10. Kipande cha plastiki cha milimita 1 ukikiweka chini ya boliti moja, pembe inabadilika kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Hiyo ndiyo njia ya kurekebisha boti ufukoni bila msumeno.

Kabla ya kwenda majini, weka boti juu ya kioo. Kingo mbili za sponsoni ziguse kioo kwa pamoja, na mguu wa shafti nyuma, yaani kishikilio cha fimbo inayozungusha propela, ushuke hadi karibu uguse, shafti ikiwa sambamba na kioo. Propela itatokeza chini ya kiwango hicho kwa nusu yake, kwa hiyo kiweke kioo kwenye kona ya meza ili ipate nafasi. Pima pembe ya kila sponsoni peke yake. Zikitofautiana kwa nusu digrii, boti itakwenda imeinama upande mmoja na utailaumu mota bure.

Bado pezi, lile bapa linaloshuka majini kuishika boti kwenye kona. Mashindano ya boti za kuongozwa kwa redio huzunguka kama mshale wa saa, kona zote ni za kulia, kwa hiyo pezi hukaa kwenye sponsoni ya kulia, kwenye ukuta wa ndani, karibu na ukingo wa nyuma. (Zile kubwa zinazoendeshwa na watu Marekani huzunguka kushoto, na pezi lake liko kushoto. Usinakili picha zake bila kufikiri.) Kata aluminiamu ya milimita 2, ile ya fremu za madirisha. Aluminiamu ya sufuria ni laini, inapinda kwenye kona ya kwanza. Lishuke sentimita 4 chini ya ukingo, linyooke sambamba na mstari wa boti, upande wa mbele unolewe. Ukilisogeza mbele boti inakata kona kwa ukali hadi kuzunguka yenyewe. Ukilisogeza nyuma inatulia. Kipenyo cha boliti yake kiwe kidogo: chupa za plastiki zinazoelea kuelekea mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani ni nyingi, na ni heri boliti ikatike kuliko sponsoni ing'oke na ukuta wake.

Nenda ziwani asubuhi, kabla upepo haujaamka na kabla boti za abiria za Goma na Idjwi hazijachafua maji kwa mawimbi yake. Ghuba zilizo kati ya rasi za mji hutulia zaidi. Usiiwashe mahali watoto wanapooga au mama zetu wanapofua: kilo moja na nusu yenye propela ya chuma kwa kilomita 60 kwa saa inavunja mfupa. Mwombe mvuvi mwenye mtumbwi akae karibu, na umlipe.

Anza kwa nusu ya nguvu, mstari ulionyooka, na usiangalie kasi. Angalia povu. Kila sponsoni iache mstari mmoja mwembamba ulionyooka unaoanzia ukingoni. Mstari wa kulia ukiwa mpana kuliko wa kushoto, sponsoni ya kulia inabeba zaidi, aidha kwa kuwa batri imekaa upande mmoja, au kwa sababu propela ikizunguka inausukuma mwili uzunguke kinyume chake. Sogeza batri kwanza. Kama povu linatoka pande zote mpaka katikati ya sponsoni, boti haijainuka: ongeza mwendo kidogo, au ongeza pembe ya sponsoni kwa kipande cha milimita 1 kwenye boliti.

Sponsoni zikipigapiga maji kwa zamu, kulia kushoto kulia, punguza pembe. Nyuma ikirukaruka na mbele imetulia, propela inainua mno: pandisha mguu wa shafti kwa milimita moja au mbili. Pua ikipanda taratibu kadiri unavyoongeza gesi, yaani nguvu ya mota, simamisha na usogeze batri mbele kwa sentimita 1 kabla ya kujaribu tena. Pua ikichimba unapoachia gesi, pembe ni ndogo au batri imekwenda mbele mno. Badilisha kimoja tu kila safari, na uandike kwa penseli ndani ya kifuniko cha boti: pembe, mahali pa batri, kimo cha mguu wa shafti. Boti ikikimbia vizuri kwa mwendo kamili kwenye mstari, ndipo ujaribu kona ya kulia, kwanza pana, gesi ikipunguzwa kabla ya kuingia na kuongezwa ikitoka.

Ukirudi nyumbani, kausha kingo na upitishe ukucha tena. Palipovunjika jaza epoksi, iache ikauke usiku mzima, kisha rudisha kona kwa msasa wenye ubao.